Kufufua boti ya faiba iliyotelekezwa: kuanzia ubao wa tezi hadi majini

Boti niliyoinunua Tanga ilikuwa imekaa chini ya mkungu kwa masika matatu, kizibo chake cha nyuma kikiwa kimekazwa barabara kama boti inayosubiri kushushwa kesho yake. Ndani yake mlikuwa na maji ya mvua yaliyofika magotini, majani yaliyooza na viluwiluwi vya mbu. Mashine, kwa upande wake, ilikuwa imefunikwa turubai safi. Muuzaji aliivuta kamba mara mbili tu mbele yangu ikaunguruma, nami kwa kuusikia mngurumo huo nikatoa fedha. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba mashine ilikuwa tatizo dogo kuliko yote, na kwamba kilichoiua boti ile hakikuwa bahari bali mvua.

Wenye majahazi wanalijua jambo hili kuliko sisi wenye faiba. Huimwagia sitaha maji ya bahari kwa makusudi, kwa sababu chumvi huihifadhi mbao, ilhali maji matamu yakituama juu yake huikaribisha kuvu inayoiozesha. Boti ya faiba huonekana kama haina mbao hata kidogo, lakini nyingi za futi 16 hadi 23 zinazotumika pwani yetu zina plaiwudi ndani ya ubao wa tezi, yaani ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine, zina plaiwudi nyingine ndani ya sakafu, na mara nyingi zina mihimili ya mbao chini ya sakafu hiyo. Mbao hizo zimefunikwa kwa tabaka za faiba pande zote, na kila skrubu iliyopigwa humo bila kuzibwa vizuri ni tundu la kupitishia maji ambayo, yakishaingia, hayana njia ya kutoka. Kwa hiyo kazi ya kufufua boti ni, kwa sehemu kubwa, kazi ya kuyafuata maji ya mvua mahali yalipopita, na ndivyo nilivyoupanga mwongozo huu. Mfano ninaoutumia ni boti yangu ya futi 19 yenye mashine ya hospawa 40 ya kuchanganya oili na petroli, aina ambayo fundi yeyote kuanzia Lamu hadi Mtwara ameishika.

Kabla ya kutoa fedha

Nenda kaikague boti ukiwa na nyundo ndogo ya plastiki, bisibisi, tochi na mtu wa kukusaidia, na umwombe muuzaji asiiwashe mashine kabla hujamaliza kukagua bodi. Anza na ubao wa tezi. Mashine ikiwa imefungwa mahali pake, inua mguu wake, ushike karibu na propela na uukandamize juu na chini kwa nguvu huku mwenzako akiangalia ukuta ule kwa ndani. Ukuta mzima hausogei. Uliooza hupumua, na wakati mwingine utaona maji yakichuruzika kwenye bolti za mashine kila unapokandamiza. Kisha gonga eneo lote kwa nyundo, kutoka juu kwenda chini. Mahali pazima hutoa mlio mkali na mfupi, na mahali palipooza hutoa sauti ya kufa, kama unagonga mkate.

Ukiruhusiwa, fungua skrubu moja iliyo chini kabisa kwa upande wa ndani, karibu na ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti yanapokusanyika maji. Mimi sikufanya hivyo siku ya kununua, nikaja kufanya nyumbani: nilipotoa skrubu iliyoshika mpira wa pampu, yalitoka maji ya rangi ya chai ya rangi, yakaendelea kudondoka hadi jioni, na nilipotia keekee ya milimita 5 katika tundu lilelile iliingia kama kisu kwenye papai bivu. Unga unaotoka kwenye keekee ndio shahidi wako. Ukiwa mkavu na mweupe mweupe, mbao ni nzima. Ukiwa mweusi, umelowa na unanuka uvundo, ukuta wote unahesabiwa kuwa umekwenda, hata kama upande wa pili unagongeka vizuri.

Tembea juu ya sakafu ukikanyaga kwa kisigino, hasa pembeni na karibu na viti. Inayobonyea imeoza. Chungulia pia jinsi boti inavyokaa kwenye trela au magogo: boti nyepesi isiyoweza kusogezwa na watu wanne imebeba maji ndani ya fomu yake, yaani povu gumu la kuelea lililo chini ya sakafu, nalo nitalieleza mbele.

Karatasi nazo zisiachwe nyuma. Kwa Tanzania Bara, usajili na ukaguzi wa vyombo uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Kwa Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, ZMA. Na kwa Kenya ni mamlaka ya bahari ya nchi hiyo, KMA. Linganisha namba iliyopigwa kwenye mashine na ile iliyo katika karatasi, kwa kuwa mashine huibwa na kuuzwa pwani nzima, na anayekamatwa nayo ni yule aliyeishika mwisho.

Kuhusu bei, msimamo wangu ni mmoja. Ikiwa ubao wa tezi, sakafu na mihimili vyote vimeoza, toa bei ya mashine peke yake na bodi uihesabu sifuri, kwa sababu rezini (ile gundi ya majimaji inayoganda na kushikanisha faiba) na plaiwudi utakazonunua zitakaribia thamani ya bodi hiyo ikiwa nzima.

Kuvua na kukausha

Toa kizibo, inua omo, yaani upande wa mbele, kwa jeki ili maji yote yaelekee nyuma, kisha vua kila kitu kinachofunguka: mashine, viti, vishikio vya kamba, taa, nyaya, tangi. Mashine ya hospawa 40 haipungui kilo 70, kwa hiyo itolewe kwa winchi au watu watatu wenye kuelewana. Piga picha kabla ya kufungua kila kiungo na tia skrubu za kila kifaa katika mfuko wake wenye jina. Kila tundu la skrubu ulizungushie alama ya kalamu, kwani hayo ndiyo milango ya maji na yote utayarudia.

Jenga kibanda cha mabati au turubai kilicho wazi pembeni ili upepo upite. Kufunika boti kwa nailoni iliyoigusa ni kuipika kwa mvuke wake wenyewe. Muda wa kukauka hauna mkato; boti yangu ilichukua wiki saba. Ili kujua kama tumbo limekauka, bandika kwa utepe wa gundi kipande cha nailoni angavu chenye upana wa mkono, ukifunge pembe zote, na kiache usiku na mchana. Ukikuta ukungu wa maji upande wa ndani wa nailoni, bado unyevu unatoka. Kazi za rezini nashauri zifanyike wakati wa kusi, kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa chache, kwa maana rezini iliyopakwa juu ya kitu chenye unyevu hushika kwa macho tu na hubanduka msimu ufuatao.

Ubao wa tezi

Hii ndiyo kazi kubwa, na ndiyo ambayo mafundi wengi huikwepa kwa kuchoma matundu na kumimina rezini ndani wakitarajia itaifanya mbao iliyooza kuwa ngumu. Rezini haipenyi kwenye mbao iliyolowa. Kata.

Katia upande wa ndani, ukiacha ngozi ya nje ya faiba ikiwa nzima, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokuwa kalibu yako na itakuokolea kazi ya kurudisha umbo la nje. Kwa grainda yenye jiwe jembamba, kata ngozi ya ndani ukiacha ukingo wa sentimita 5 kuzunguka. Vumbi la faiba huwasha siku mbili na halifai kabisa kwa mapafu. Vaa barakoa nzuri, miwani, na mikono mirefu iliyofungwa utepe wa gundi kwenye viwiko vya mikono, na usimame upande unaotoka upepo. Mbao iliyooza hutoka kwa patasi na kwa mikono. Iliyo nzima itashikilia, na inabidi itoke pia, kwa kuwa kuunganisha mbao mpya na ya zamani katikati ya ukuta unaobeba mashine ni kuweka ufa kwa makusudi. Ukimaliza, sugua ngozi ya nje kwa msasa mkavu namba 40 hadi isafike pasiwe na doa, kisha pangusa kwa asetoni.

Sasa suala la plaiwudi, ambalo limewaponza wengi. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ukiomba «marini bodi» utapewa ile mbao yenye ngozi nyeusi au ya kahawia inayotumika kumwagia zege. Jina lake linadanganya. Gundi yake inaweza kustahimili maji, lakini ngozi ile laini haishikani na rezini, na ndani yake mara nyingi mna mianya isiyoonekana. Plaiwudi ya boti ya kweli hupigwa alama ya kiwango cha BS 1088. Usipoipata, tafuta plaiwudi ya mbao ngumu ya gundi isiyopitisha maji, kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe kwenye sufuria saa kadhaa, kikaushe, urudie. Kikifunguka tabaka, achana na mbao hiyo.

Chukua vipimo kwa boksi la karatasi ngumu, kisha kata vipande viwili vya milimita 18 ili vikibandikwa pamoja vipate unene karibu na ule wa zamani. Pima unene huo kabla ya kutupa mbao ya zamani. Vishikio vya mashine na bolti zake vinautegemea. Zungusha kingo ziwe butu, kwa maana kitambaa cha faiba hakikunji kwenye pembe kali.

Rezini ya poliesta huchanganywa na hadena, yaani dawa ya kuigandisha, kwa uzito, kati ya asilimia 1 na 2. Kwa joto la pwani, gramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja zinatosha. Chini ya asilimia 1 rezini haiivi kamwe, itabaki na utelezi wa ndani hata ikikaa mwaka. Changanya nusu kilo kila mara, asubuhi kabla jua halijapanda, kwa kuwa saa sita mchana kikombe kizima kitaganda mkononi na kuanza kutoa moshi. Hadena ikiruka machoni hupofusha, kwa hiyo miwani haivuliwi na ndoo ya maji safi iwe karibu. Ikiwa rezini yako inauzwa pamoja na chupa ya pili ya dawa ya kuharakisha, usiikutanishe kamwe na hadena moja kwa moja, kwa maana hulipuka. Moja huchanganywa kwanza na rezini hadi iishe kabisa, ndipo nyingine ifuate.

Paka vipande vya plaiwudi rezini pande zote, hasa kingo, mara mbili, kwani kingo ndizo zinazokunywa maji. Weka kitambaa cha nyuzi za faiba cha gramu 450 kwa mita ya mraba kilicholowa rezini kati ya ngozi ya nje na kipande cha kwanza, na kingine kati ya vipande viwili, kisha ubane kila kitu kwa bolti ndefu zinazopita kwenye matundu ya zamani ya mashine, ukitumia mbao za ziada zilizofunikwa nailoni kama vibanio. Rezini lazima ifurike kwenye kingo zote; pasipofurika pana mwanya. Ikishaiva, jaza pembe zote kati ya ukuta na tumbo kwa rezini iliyotiwa nyuzi zilizokatwakatwa hadi iwe kama ugali mlaini, ukilainisha kwa sehemu ya nyuma ya kijiko upate mviringo, kisha weka tabaka tano za kitambaa, kila moja ikipanda kwenye tumbo na ubavu sentimita 10 hadi 15 na kila inayofuata ikipita kidogo mwisho wa iliyotangulia. Mita moja ya mraba ya kitambaa cha gramu 450 hunywa karibu kilo moja ya rezini. Tabaka mbili au tatu kwa mkupuo zinatosha. Ukizipachika zote tano pamoja zitapata moto na kujikunja. Rola ya chuma yenye meno ndiyo inayoondoa hewa, na kila doa jeupe linalobaki ni hewa.

Imebaki hatua moja ambayo karibu kila boti niliyoikagua imeikosa. Unapotoboa matundu ya bolti za mashine, usiyatoboe kwa kipimo cha bolti. Yatoboe makubwa zaidi kwa milimita 6 au zaidi, uyajaze epoksi nzito (aina nyingine ya rezini) hadi juu, uache iive, kisha toboa tena katikati kwa kipimo halisi. Bolti sasa inapita ndani ya bomba la epoksi, na maji yakivuja siku yoyote hayatakutana na mbao. Fanya vivyo hivyo kwa kizibo cha nyuma na kwa kila skrubu iliyo chini ya usawa wa maji. Silikoni ya bafuni haifai hapa. Tumia gundi ya poliyurethani iliyotengenezwa kwa boti. Kumbuka pia kwamba epoksi hushika vizuri juu ya poliesta, lakini poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi, hivyo epoksi iwe ya mwisho daima.

Sakafu na fomu ya kuelea

Kata sakafu iliyooza kwa vipande vinavyoshikika, kisha utazame chini. Fomu ya kuelea inayomiminwa chini ya sakafu za boti nyingi haipaswi kunywa maji, lakini ikizamishwa miaka kadhaa hunywa, na huishika mihimili ikiwa imelowa pembeni pande zote mbili. Fomu niliyoitoa mimi ilikamuliwa kama sponji la kuogea. Hakuna kuikausha, inatolewa yote, nayo mihimili ikaguliwe kwa keekee kama ulivyofanya kwenye ukuta.

Usiifunge sakafu bila kurudisha kitu cha kuelea, kwa sababu faiba ni nzito kuliko maji na boti iliyojaa maji bila msaada huenda chini pamoja na mashine. Hesabu si ngumu. Faiba iliyozama hubaki na takriban theluthi moja ya uzito wake, kwa hiyo bodi ya kilo 400 itahitaji kuinuliwa kama kilo 130, na ukiongeza mashine, betri na vyombo utafika kilo 200 na zaidi. Dumu la lita 20 lililofungwa vizuri huinua karibu kilo 19. Mimi nilitia madumu kumi na manne, saba kila ubavu na mengi yakiwa juu kiasi karibu na kingo ili boti iliyojaa isipinduke, nikayafunga kwa mikanda kwenye mihimili, kwa maana dumu linalosukuma juu lina nguvu ya kung'oa sakafu. Faida yake ni kwamba maji hupita katikati yake hadi kwenye ngama, na dumu bovu linaonekana na linabadilishwa.

Acha njia ya maji chini ya kila muhimili unaokingama. Tundu la dole gumba linatosha. Sakafu mpya ni plaiwudi ya milimita 12 iliyopakwa rezini upande wa chini mara mbili kabla ya kufungwa, jambo ambalo walioitengeneza mara ya kwanza huwa hawalifanyi kwa kuwa upande wa chini hauonekani dukani.

Tumbo la nje

Mikwaruzo ya juu huondolewa kwa msasa wa maji na hauhitaji maelezo. Angalia zaidi mahali omo inapoburuzwa mchangani na kwenye matumbawe, kwani pale jelikoti, yaani tabaka laini la nje, huisha na nyuzi hubaki uchi. Mahali palipotoboka, sugua kingo zishuke taratibu kwa upana wa mara 12 ya unene. Faiba ya milimita 6 inahitaji mteremko wa sentimita 7 kila upande, ndipo viraka vishike. Malengelenge madogo yanayotoa maji yenye harufu ya siki yanamaanisha maji yamepenya jelikoti: yafungue, yaoshe kwa maji matamu, yaache yakauke kwa wiki kadhaa, kisha yajazwe kwa epoksi.

Usithubutu kuichoma kwa makuti kama wafanyavyo wenye mashua za mbao wanapoua wadudu chini ya chombo. Faiba huwaka na haizimiki kirahisi. Rangi ya kuzuia magamba inahitajika tu ikiwa boti italala majini. Ukiipandisha pwani kila jioni, okoa fedha hizo.

Mashine

Mbao huogopa maji matamu, lakini mashine huogopa chumvi. Mashine iliyolala bila kusafishwa ina chumvi iliyoganda kama mawe katika njia za kupoza, na kuivuta kamba ili kuusikia mlio, kama alivyofanya muuzaji wangu nami nikafurahi, ni kuisaga pampu yake ya maji ambayo ni gurudumu la mpira linalolainishwa na maji hayohayo. Nilipoifungua yangu, mabawa matatu ya mpira yalikuwa yamekatika na moja nililikuta limenasa juu kabisa kwenye themostati, kile kilango kinachofungulia maji ya kupoza mashine ikipata joto.

Toa plagi, mimina kijiko cha chakula cha oili katika kila silinda, na uache usiku kucha. Asubuhi zungusha gurudumu la juu kwa mkono, kwa kufuata mwendo wa saa tu, kwani kurudisha nyuma hukunja mabawa ya pampu. Ikizunguka bila kukwaruza, ipime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Namba zenyewe hutofautiana kwa vipimo tofauti; cha muhimu ni kwamba silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10 hadi 15. Zikipishana zaidi ya hapo, mashine inafunguliwa kichwa, na huo ni mjadala kati yako na fundi.

Shusha mguu. Bolti zake mara nyingi zimeshikwa na chumvi. Tia mafuta ya kupenyeza siku mbili, pasha moto kidogo, kaza robo mzunguko kabla ya kulegeza, na usitumie bomba refu la kuongezea nguvu, kwa maana kichwa cha bolti kikikatika ndani ya aluminiamu utalipa siku nzima ya kazi. Badilisha gurudumu la mpira, sahani yake na gasketi, na ukague kijiufunguo kidogo kinachoshikilia gurudumu kwenye shafti. Kipake grisi kisidondoke. Themostati itie kwenye sufuria ya maji jikoni na uyapashe: inapaswa kufunguka mapema sana, kama nyuzi 50 hadi 60, na iliyoganda kwa chumvi haifai kurudishwa. Njia za maji zisafishwe kwa siki ya moto na waya laini hadi maji yapite bila kusita.

Oili ya giaboksi hutolewa kwa tundu la chini. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili za shafti ya propela zinabadilishwa. Mara nyingi utakuta mshipi wa nailoni umejisokota nyuma ya propela na umekata sili. Oili mpya husukumwa kutoka tundu la chini hadi itoke juu, ili hewa isibaki. Zinki, yaani vile vipande vya madini vinavyoliwa na chumvi badala ya mashine, zikiliwa nusu zibadilishwe, na zisipakwe rangi. Kwa maji ya bahari ni zinki au aluminiamu. Magnesi ni ya maziwa, kama Victoria au Tanganyika.

Kabureta ifunguliwe yote. Petroli ya zamani huacha gundi ya kahawia, na jeti zake, yaani vitundu vyembamba vya kupitishia petroli, huzibuliwa kwa mshipi mgumu wa nailoni, kamwe si kwa waya, kwa kuwa waya huzipanua. Mpira wa mafuta pamoja na puto la kukamulia vibadilishwe bila kubishana. Mpira uliopasuka ndani huvuta hewa, nayo hewa huipa mashine petroli pungufu na oili pungufu kwa pamoja, hadi pistoni inaungua.

Kwa uchanganyaji, fuata kitabu cha mashine. Nyingi za aina hii hutaka 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa lita, au nusu lita kwa lita 25. Oili iwe yenye alama ya TC-W3, iliyotengenezwa kwa mashine zinazopozwa na maji. Ile ya pikipiki ni ya rahisi na ipo kila kona, lakini ni ya injini inayopozwa na upepo, na masizi yake huziba ringi.

Jaribu kuwasha ndani ya pipa lililokatwa, maji yakiwa juu ya vitundu vya kuvutia maji, mwendo wa chini tu na gia ikiwa huru. Ndani ya dakika moja uzi wa maji utoke kwa nguvu pembeni. Usipotoka, zima.

Umeme

Boti ndogo haihitaji nyaya nyingi, na ndiyo sababu ni afadhali kuzing'oa zote kuliko kutafuta ilipo mbovu. Tumia waya wa shaba iliyopakwa bati, viungio vya kubana vyenye mpira unaosinyaa kwa moto, na fyuzi isiyozidi sentimita 18 kutoka kwenye betri. Pampu ya ngama iwe na waya wake wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake, ili ifanye kazi hata swichi kuu ikiwa imezimwa. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi, inayosoma 12.0 iko karibu tupu. Kwa usiku unahitaji taa nyekundu kushoto, kijani kulia, na nyeupe inayoonekana pande zote. Betri na tangi visikae sehemu moja iliyofungwa, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia kwenye ngama na kungoja cheche.

Kushusha majini

Chagua asubuhi, kabla kusi halijachangamka, na maji yakiwa yanajaa, ili ukikwama mchangani yenyewe yakuinue. Wakati wa bamvua maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na boti inayoharibikia nje wakati wa kupwa itapelekwa mahali usikokusudia. Iache boti ielee kwa saa moja ikiwa imefungwa kamba, uangalie ngama, matundu ya bolti na kizibo. Kisha nenda mwendo mdogo sambamba na pwani, ukiwa na makasia, nanga, maji ya kunywa na jaketi la kuokolea kwa kila aliyemo, na tazama ubao wa tezi unapoongeza mwendo: hautakiwi kutikisika hata kidogo.

Sahani iliyo juu ya propela iwe karibu sawa na tako la boti. Ikiwa juu mno, propela itapiga hewa kwenye kona. Ikiwa chini mno, boti itakuwa nzito na kurusha maji. Kama una kipimo cha mizunguko, mashine ifikie kiwango kilichoandikwa kitabuni ikiwa na mzigo wa kawaida. Isipofika, propela ambayo hatua yake, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, ni pungufu kwa inchi moja itaongeza mizunguko kama 150 hadi 200. Baada ya saa tano, kaza tena bolti zote za mashine na ukague oili ya giaboksi.

Kila siku ukirudi, mashine isafishwe kwa maji matamu dakika 10 hadi 15, nayo boti ikaushwe maji hayohayo yasibaki ndani. Ukiipandisha, omo iwe juu, turubai iwe na mgongo wa mti katikati ili mvua iteleze na upepo upite chini yake, na kizibo kitolewe. Changu nakifunga kwa kamba fupi kwenye kiungio cha mpira wa mafuta, hivyo kwamba siwezi kuunganisha tangi na mashine bila kukishika mkononi.